Darasa la Nne, watoto 96, fimbo kabatini: shajara ya mradi

Jumatatu, 15 Januari 2024: ninapoanzia

Nimepangiwa Darasa la Nne B. Rejista ina majina 96, wasichana 51 na wavulana 45. Madawati ni 24, kila moja lilitengenezwa kwa watatu na linabeba wanne. Shule ni ya serikali, wilayani Muheza, mkoani Tanga. Nafundisha Hisabati na Kiswahili, kipindi dakika 40.

Mwaka jana nilifundisha na fimbo ya mpera juu ya meza. Sikuwa mchapaji wa kila siku. Kuonekana kwake kulitosha. Tatizo nikitoka kufuata chaki, kelele zinanifikia ofisini kabla sijafungua kabati. Nikirudi, kimya. Utulivu ulikuwa wa fimbo, haukuwa wa darasa.

Mwaka huu fimbo imeingia kwenye kabati la darasani na kabati nimelifunga. Habari za nidhamu chanya, yaani kumrekebisha mtoto bila kumchapa, nimezisikia semina, ila semina huwa ya watu thelathini ukumbini chini ya feni. Hapa nitaandika kila hatua ikiisha, pamoja na gharama na aibu zake, ili mwenye darasa kama langu achukue kinachomfaa.

Wiki hii sibadilishi kitu. Kila nikikatiza somo kumnyamazisha mtu, napiga kijistari kwenye karatasi iliyo mfukoni.

Ijumaa, 19 Januari: vijistari 71

Vipindi vitano vya Hisabati, vijistari 71. Ni kama 14 kwa kipindi. Kila kimoja kikila nusu dakika, dakika saba za somo zimeliwa na "wewe wa nyuma, geuka mbele".

Jambo la pili limejitokeza bila kulitafuta. Kama shule nyingi, tuna orodha ya wapiga kelele: mwalimu akitoka, kiranja anasimama mbele na karatasi, anaandika majina. Anayerudia anaongezewa X. Nimezikusanya orodha za siku nne nikazilinganisha. Majina ni yale yale kumi na mawili, na hakuna hata mmoja anayekaa dawati moja na kiranja. Nilipouliza taratibu, mtoto mmoja akanieleza bei bila kuficha: kufutwa jina ni kipande cha chungwa au ubuyu wa shilingi 50, ukiwa na X tatu, chungwa zima.

Sikumlaumu kiranja. Mtoto wa miaka kumi nimempa uhakimu bila mshahara, nilitegemea nini? Orodha nimeifuta leo. Wenzangu ofisini wamecheka, lakini wawili wamekwenda kuchunguza orodha za madarasa yao.

Jumatatu, 29 Januari: kanuni kumi na moja, na zote nilizisahau mimi

Nilinunua manila mbili (1,400/=) na kalamu ya wino mzito (1,000/=), nikaandika kanuni 11. Tisa zilianza na "Usi-". Usipige kelele, usitembee ovyo, usichelewe, usile darasani. Nikabandika, nikawasomesha kwa pamoja, nikafurahi.

Siku ya tatu nikamwuliza mtoto kanuni ya sita. Hakuijua. Nikageuka niangalie ukutani, maana na mimi sikuijua.

Nimeibandua. Nimeandika tatu upande wa pili wa ile ile manila, kwa maneno waliyoyatoa wao:

Anayesema ni mmoja.
Tunakaa mahali petu.
Mkono wangu hauendi kwa mwenzangu.

Ya tatu waliigombania sana. Kuna waliotaka "hatupigani", ila msichana wa mbele alikataa: kuna kufinya, kuna kuvuta nywele, kuna kuchukua penseli, na yote hayo si kupigana. Alikuwa sahihi.

Kilichosaidia kuliko karatasi ni kuzifundisha kanuni kama somo. Vipindi viwili vizima tulifanya mazoezi ya kuingia darasani, kutoa madaftari, kukusanya madaftari. Mara ya kwanza kukusanya madaftari 96 kulichukua dakika sita na ugomvi mmoja. Tukabadilisha: yanapita kwa mkono dawati hadi dawati mpaka la mbele, hakuna anayeinuka. Mara ya nne, dakika moja na nusu. Nilijihisi napoteza vipindi, lakini dakika nne na nusu kila siku kwa mwaka mzima si haba.

Ijumaa, 9 Februari: mchezo, na pipi zilizonifilisi

Nimeanza ule mchezo wa tabia njema. Asili yake ni jaribio la Harriet Barrish, Muriel Saunders na Montrose Wolf, lililochapishwa Marekani mwaka 1969, katika darasa la nne lenye watoto 24. Darasa liligawanywa timu mbili. Mtoto akiongea ovyo au akiinuka bila ruhusa, timu yake inapata alama ya kosa. Yenye alama chache inashinda. Na zote mbili zikibaki chini ya kiwango kilichowekwa, zote zinashinda.

Wao 24, mimi 96. Nikagawa timu mbili za watoto 48. Nimefanya makosa matatu kwa mpigo.

La kwanza, timu ya watu 48 si timu, ni kijiji. Hakuna anayejua alama imeletwa na nani, na hakuna anayejali.

La pili, nilisahau kile kiwango. Nikaweka mshindi mmoja tu. Kufikia Jumatano timu iliyokuwa nyuma ilikata tamaa asubuhi na mapema, na mtu aliyekata tamaa saa mbili ana siku ndefu ya kufanya vituko.

La tatu, zawadi. Pipi 48 za shilingi 50 ni 2,400/= kwa siku, na nilitoa kwa siku nne: 9,600/=. Maganda yalijaa chini, walioshindwa walinyang'anya walioshinda njiani, na siku ya tano nilipokuja mikono mitupu, mtoto akaniambia kwa adabu kabisa, "Madamu, basi leo hatuchezi."

Pipi zimeisha. Kuanzia Jumatatu ni makundi 12 ya watoto wanane, dawati mbili mbili. Kundi lolote lisilofikia alama tano limeshinda. Yakishinda yote 12, vizuri zaidi. Zawadi ni kutoka wa kwanza mapumziko, na kwa watakaoshinda siku tatu za wiki, dakika kumi za mwisho Ijumaa: chandimu, rede, au vitendawili.

Nilidhani wote watakimbilia mpira. Makundi saba yamechagua vitendawili.

Jumatano, 21 Februari: vizibo bandia

Makundi 12 yalikula nusu ya ubao kwa alama, na ubao ninauhitaji kwa Hisabati. Nikahamia kwenye chupa tupu za maji, nimezikata shingo na kuzifunga kwa kamba kwenye dawati. Kila kundi linaanza kipindi na vizibo vitano vya soda ndani. Kanuni ikivunjwa napita naondoa kimoja, sisemi neno. Vizibo nimeviokota bure kwenye kijiwe cha soda stendi.

Kutosema neno ndiyo faida kubwa. Mlio wa kizibo kinachotoka unasikika na kundi zima, nami naendelea na sehemu za desimali.

Jana Kundi la Tano lilianza na vizibo vitano, nikaondoa viwili, likamaliza na saba. Nilihesabu mara mbili. Stendi inajulikana na kila mtu, si mimi peke yangu. Nimenunua rangi ya kucha nyekundu (1,500/=), na usiku nimepaka vizibo 60 alama ya tone kwa ndani. Mume wangu ameuliza kama shule imefungua kiwanda. Asubuhi niliwaonyesha tone lile, nikanyamaza. Kundi la Tano waliangalia bati.

Lakini tatizo la kweli nilionyeshwa na msichana wa Kundi la Tisa. "Madamu, wewe ukija kwetu ni kuchukua tu." Kweli. Watoto walikuwa wamejifunza kwamba nikikaribia, kuna hasara. Sasa napita pia kuweka, na ninapoweka nasema kwa nini: "Mmefungua madaftari kabla sijageuka." Nimegundua kwamba "hongereni" tupu haifanyi kazi. Wanapiga makofi ya kilo, wanacheka, na hawajui walichopongezwa.

Alhamisi, 7 Machi: nilifungua kabati

Hii nilitaka kuiruka. Naiandika kwa sababu shajara isiyo na siku hii ingekuwa ya uongo.

Kipindi cha baada ya mapumziko, joto la Machi. Niliitwa ofisini kwa takwimu zilizotakiwa siku hiyo hiyo, nikakaa robo saa. Niliporudi kulikuwa na vita vya maganda ya machungwa. Ganda moja lilipita sikioni mwangu likabandika ubaoni, juu ya mfano niliouandika. Wakacheka. Nilifungua kabati, nikachapa mikono ya watatu waliokuwa wamesimama.

Wa tatu alikuwa yule msichana wa Kundi la Tisa. Alikuwa amesimama anaokota maganda. Aliponyoosha mkono, yalikuwa bado kiganjani, akayahamishia mkono wa kushoto ndipo akaufungua wa kulia. Niliona, na nikachapa.

Kwa wasiojua, kanuni za viboko za mwaka 2002 zinasema anayechapa ni mwalimu mkuu, au mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi, visizidi vinne, na kila adhabu iandikwe kitabuni. Mimi sikuwa na ruhusa ya maandishi wala sikuandika popote. Na sidhani kama kuna mwalimu msomaji wangu ambaye atashangaa. Jirani zetu Kenya waliondoa viboko shuleni tangu 2001.

*Nyongeza, Jumatano 13 Machi.* Kesho yake, Ijumaa, nilikatiza somo mara tatu tu. Ningekuwa natafuta kimya, ningeishia hapo. Jumanne zilikuwa 11. Msichana nilimwomba radhi mbele ya darasa. Akaitikia "ndiyo madamu" akiangalia miguu yake, na hadi leo hajanyoosha mkono kujibu swali. Kabla ya siku ile alikuwa ananyoosha mpaka anainuka kwenye dawati. Fimbo nimeivunja nikaitia jikoni kwangu. Kabati halikuwa mbali vya kutosha.

Ijumaa, 15 Machi: kosa lina saa yake

Kwa wiki moja nimeandika dakika na tukio, kila kizibo ninachoondoa, kwenye daftari dogo (500/=). Mwezi mtukufu umeanza na nusu ya darasa wamefunga, nikatarajia matatizo ya mchana. Sivyo.

Vizibo 52 kwa wiki. Kati ya hivyo, 33 viliondoka nikiwa nasahihisha. Kumi viliondoka nikiwa nimewapa mgongo naandika zoezi refu ubaoni. Tisa tu ndivyo vilivyotoka nikiwa nafundisha.

Nimelisoma daftari hilo mara nyingi. Hebu piga hesabu: madaftari 96, kila moja nusu dakika, ni dakika 48. Kipindi ni dakika 40. Nilikuwa najaribu jambo lisilowezekana, kila siku, huku foleni ya watoto imesimama mezani kwangu na waliokwisha kusahihishwa hawana cha kufanya. Halafu namwadhibu mtoto kwa kujaza dakika nilizomwachia tupu.

Nimebadilisha haya. Zoezi naliandika ubaoni kabla ya kengele. Foleni hakuna, mimi ndiye ninayetembea. Kila kipindi nasahihisha makundi mawili tu, watoto 16, dakika nane. Wengine wanabadilishana madaftari na jibu linatolewa ubaoni. Kona ya kulia ya ubao ina swali moja gumu la waliomaliza, na jibu lake halitolewi hadi kesho.

Jambo jingine lililotoka kwenye daftari lile ni K.

K. ni mvulana wa dawati la 19. Tangu wiki ya kwanza ya chupa alikuwa anamaliza vizibo vya kundi lake ndani ya dakika kumi, kwa makusudi, kimoja baada ya kingine, akiniangalia. Mwishoni mwa Februari wenzake walimngoja nyuma ya vyoo wakampiga. Huo ndio upande mbaya wa mchezo huu, na anayeuiga aujue mapema: unaweza kuwageuza watoto kuwa fimbo yako. Hata katika jaribio la 1969 wawili walitangaza hawachezi tena, wakatolewa kwenye timu yao ili wasiwaangushe wenzao. Nami nikampa K. chupa yake mwenyewe. Vipigo vilikoma. Vituko havikukoma.

Daftari likaonyesha vituko vyote ni vya Kiswahili, kwenye kusoma kwa zamu, dakika chache kabla zamu haijafika dawati lake. Hisabati hana kosa, isipokuwa siku za mafumbo ya maneno. Nikamwita mapumziko nikampa kitabu cha Darasa la Pili. Alisoma "ba-ba" kwa kuhesabu herufi na kidole, na neno "mwanafunzi" likamshinda. Mtoto huyu yuko Darasa la Nne, na Oktoba ana upimaji wa kitaifa. Afadhali aonekane mtundu kuliko aonekane hajui kusoma. Hesabu yake ilikuwa na akili.

Kusoma kwa zamu nimekuacha. Wanasoma wawili wawili kwa sauti ya chini. K. na wengine saba niliowagundua baada yake wako nami mapumziko, siku tatu kwa wiki, silabi.

Jumanne, 23 Aprili: mvua juu ya bati

Masika yamekaza. Darasa halina dari, na mvua ikipiga bati, mwalimu hasikiki hata na dawati la pili. Mlio wa kizibo ndiyo usiseme. Wiki ya kwanza nilipiga kelele hadi sauti ikakauka, na wao wakapiga kelele ili wasikie wenzao wanasema nini kuhusu mwalimu anayepiga kelele.

Sasa tunatumia mikono. Nainua kiganja; anayeona anafunga mdomo na kuinua chake. Tumefanya mazoezi siku ya jua, kwa kushindana na saa. Mwanzo sekunde 40, sasa ni kama kumi. Kazi za mvua nimezitenga: maswali mafupi ubaoni, kila dawati linaandika jibu kwa herufi kubwa kwenye daftari na kuliinua juu. Naona majibu 24 kwa kutupa jicho.

Cha ajabu ni kwamba ishara hii imebaki hata siku kavu, na chupa naanza kuzisahau.

Ijumaa, 24 Mei: hesabu ya muhula

Nimerudia kipimo cha Januari, vipindi vitano vya Hisabati. Vijistari 23. Kutoka 71. Tano kati ya hivyo ni vya siku moja, ugeni ulipokuja na kila mtoto alitaka kuona gari.

Nimetumia 14,000/=: manila 1,400, kalamu 1,000, pipi 9,600, rangi ya kucha 1,500, daftari 500. Ukiondoa pipi ni 4,400/=. Fimbo ilikuwa bure.

Ambacho bado: mwalimu mwingine akiingia na fimbo, wanatulia kwake na kuja kwangu wamechemka kama maharage yaliyofunikwa. Na utoro wa Ijumaa, siku ya gulio, mchezo wangu haujaugusa hata kidogo. Mtoto asiye darasani hana kizibo.

Jumatano, 17 Julai: chupa zimehama

Tuna mwalimu mkongwe hapa, wote tunamwita Babu kwa heshima. Muhula wote uliopita alikuwa akiniambia, "Mwanangu, watakuzoea hao." Juzi aliniita pembeni.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Hebu nieleze ile ya kusahihisha kumi na sita."

Hakuuliza mchezo, wala chupa. Aliuliza ile ya kusahihisha. Ana Darasa la Tano lenye watoto 108, na miguu inamsumbua, kutembea kati ya madawati hawezi. Tumepanga hivi: kundi moja linakuja kwake mbele na madaftari yao, wengine wana swali la kona. Leo nilichungulia dirishani. Fimbo iko mezani bado, na juu yake ameweka rundo la madaftari.

Msichana wa Kundi la Tisa amenyoosha mkono mara mbili wiki hii. Sijamsifu, nimemwita tu, kama ninavyomwita mwingine.

K. jana alisoma aya mbili, ya tatu akakwama kwenye "alivyompeleka". Hakutupa kitu. Aliinua kiganja kama vile kuna mvua, akangoja nifike. Nimemrudisha kwenye kundi lake, walikubali kwa kura, watano kwa wawili. Chupa yao imepotea wakati wa likizo, na nimewaagiza walete nyingine Ijumaa.